Goti Nililomwambia Mama

Katika mambo makubwa nilimdanganya mama yangu mara moja tu, na uongo wenyewe ulihusu paja la mume wangu. Wajukuu wangu wakisikia hivi hucheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke. Wao wakitoka kucheza mpira hukoroga unga wa kopo katika maji, wanaumeza, wanasema ni wa kurudisha nguvu za misuli, na ukiwauliza umetengenezwa na nini, wanatazamana. Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya chungu cha mama, au karibu chote. Nilichokosa ni mdomo wa kutamka neno moja.

Miaka ile wazungu waliuita mji wetu Elisabethville. Sisi nyumbani tulisema Lubumbashi tu, jina la mto. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha matofali cha Mtaliani mmoja, upande wa Kampemba, na tulikaa katika nyumba za kiwanda, vyumba viwili na jiko nje. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli. Alipeleka matofali mabichi tanurini, akarudi na yaliyoiva, asubuhi mpaka saa kumi, siku sita kwa juma. Ungedhani mtu wa namna hiyo Jumapili angelala. Wapi! Jumapili alivaa kaptula nyeupe niliyompigia pasi mwenyewe, akaenda kucheza winga ya kulia, miguu mitupu, kwenye uwanja wa changarawe.

Alikuwa na mbio, hilo siwezi kumnyima. Lakini jioni alikuwa wangu mimi. Misuli ya miguu ilimkaza, vidole vikajikunja, akawa analia na mimi namsugua kwa mafuta ya mawese bila kujua ninachofanya. Jumatatu alitoka nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa suruali ya mwenzake. Nilimwambia mara ngapi aache mpira? Alinijibu kwamba toroli ni ya Mtaliani, mpira ni wake.

Mama alikuja mwezi wa sita, katikati ya kipwa, kile kiangazi chetu ambacho asubuhi yake baridi inauma masikio. Alitoka Pweto, juu ya lori la samaki wakavu, na ruhusa ya kukaa mjini miezi miwili ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa kifuani. Alikuwa mjane. Mimi nilikuwa nimeolewa miaka miwili, nikitokea kwa shangazi yangu aliyenilea hapa mjini, na mama hakuwa amekanyaga nyumba yangu wala kumwona mume wangu.

Na hata alipofika hakumwona. Kwetu mume na mama wa mkewe ni buko, na buko hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Haya hiyo inaondoka siku ambayo jamaa za mke wanapika chakula kikubwa na kumwingiza mkwe rasmi, mbele ya baba wadogo wa bibi harusi, na kuku, na nguo. Baba zangu wadogo walikuwa Pweto, na kupata karatasi za kusafiri watu wanne kwa pamoja haikuwa mchezo. Kwa hiyo chakula kilikuwa hakijapikwa, na haya ilikuwa bado iko mahali pake.

Mama alikataa kulala ndani. Alitandika mkeka wake jikoni, karibu na mafiga, akasema pale kuna joto. Nikaning'iniza kikombe cha bati kwenye msumari wa mlango wa jiko. Mama akitaka kutoka nje aligonga kikombe mara tatu, na mume wangu, popote alipokuwa uani, aligeuza uso ukutani. Mume wangu akitaka kwenda msalani alikohoa kwa nguvu, na mama akajifunika kitenge kichwani. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye ulimi, alinitania kutwa nzima: "Ku nyumba yenu kuko kengele kupita ku misa!"

Jumapili ya kwanza mama alisikia vilio kutoka ndani. Akaniita jikoni.

"Ule muntu analia nini?"

"Ni miguu, mama. Alicheza mupira."

"Inakaza, ao inawaka?"

Sikujua. Miaka miwili nilikuwa nimesugua ile miguu na sikuwahi kuuliza kama inakaza au inawaka. Mama alinirudisha ndani nikaulize, nikarudi na jibu kwamba inakaza. Akatikisa kichwa, akafungua mzigo wake. Kule Pweto ndiye aliyekuwa akiwangoja na chungu chake wanaume wavutaji wa nyavu, wale wanaorudi mabega na mapaja yamekuwa mbao. Alijua uchovu wa mwili wa mwanaume kuliko wanaume wenyewe.

Alitoa mizizi myekundu ambayo jina lake hakunitajia hata siku moja, akasema nitaambiwa nikiwa mtu mzima, na mimi nikiwa na nyumba yangu! Aliichemsha polepole na tangawizi niliyonunua sokoni kwa Mungwana mmoja, mzee wa watu wa Maniema aliyekuwa akifunga meza yake kila Ijumaa kwenda kusali. Akatia chumvi ya ncha za vidole. Kinywaji kilikuwa kichungu mpaka macho yanafumba. Ilibidi mume wangu akinywe kikiwa vuguvugu, akiwa ameshaoga, na mimi nimkande mashavu ya miguu kwa majani ya mbarika yaliyopitishwa juu ya moto.

Jumatatu mume wangu aliamka, akasimama, akachuchumaa, akasimama tena. Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui ni cha nani. "Umuambie mama buko asante," akanong'ona, ingawa mama alikuwa nyuma ya ukuta wa tofali moja na alisikia vizuri sana.

Habari ikaenea. Jumapili ya tatu wachezaji watano walikuja asubuhi na chupa zao, wanataka wanywe kabla ya mechi. Mama alikasirika mpaka sauti yake ikavuka mlango. "Hii haiko kamuti, uganga wa kushinda! Ni ya kisha kazi. Muntu anachoka kwanza, ndio anakunywa!" Walirudi jioni, wamefungwa mabao mawili, wakanywa kwa adabu.

Siku hiyo hiyo mama alinikalisha chini. Alisema maneno ambayo baadaye yalinichoma kuliko pilipili zake zote.

"Miye sitamuonaka. Weye ndio macho yangu. Uniambie vile iko, hapana kuongeza, hapana kupunguza."

Nikaitikia ndiyo, mama. Rahisi kuitikia.

Jumapili ya tano walimrudisha juu ya baiskeli, amekaa nyuma, mguu wa kulia umening'inia. Alikuwa amefukuzia mpira uliokuwa unatoka nje, na mwenyewe alisema alisikia kitu kikikatika, sauti ya kitambaa kinachopasuka. Hospitali walimwangalia, wakasema mfupa ni mzima, wakampa vidonge na kumwambia apumzike. Kupumzika! Kesho yake kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa kiwanda, alikuja mpaka mlangoni kwetu. Hakuwa mtu mbaya, alileta maneno ya bosi. Mume wangu angekaa kulinda geti wiki tatu, basi. Jumatatu baada ya hapo awe nyuma ya toroli. Akishindwa, toroli itapata mwingine, na nyumba inakwenda na toroli. Mtu asiye na kazi wala nyumba mjini alirudishwa alikotoka, tulikuwa tumeona majirani wakipanda lori na magodoro yao. Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi.

Lakini nirudi kwenye Jumapili ile jioni, maana ndipo nilipoharibu. Mume wangu alikuwa amelazwa kitandani. Nilikuwa nimeona mahali penyewe: ndani ya paja la kulia, juu kabisa, karibu na pale ambapo kaptula inaanza kuficha mambo. Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anapuliza moto.

"Ni wapi?" akauliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kumtajia mama paja la buko wake kulikuwa sawa na kumvua nguo mume wangu na kumsimamisha mbele yake. Na kabla sijatoka ndani, yeye mwenyewe, mgonjwa, alikuwa amenishika mkono kwa nguvu. "Hapana kumuambia mama buko pahali. Nitakufa na haya." Mtu yuko tayari kupoteza mguu, nyumba na mji, lakini si haya yake. Na mimi nikamwona ana haki kabisa.

"Ku goti," nikasema.

Mama hakugeuka. "Goti yenye kustuka inataka moto," akasema, na kazi ikaanza. Alipasha chumvi na majivu, akafunga ndani ya kitambaa. Akaponda pilipili na majani ya mbarika. Akaniambia nibandike ikiwa moto kadiri anavyoweza kuvumilia, halafu nikandamize kwa nguvu zangu zote, asubuhi na jioni. Na mimi nikachukua ile dawa ya goti, nikaingia ndani, nikaibandika kwenye paja. Nilifikiri nini? Nilifikiri moto ni moto, mwili ni mmoja, dawa itajijua yenyewe. Bado nikikumbuka ninajipiga kofi la paji la uso.

Mume wangu aliuma shuka ili mama asisikie. Siku ya tatu paja lilikuwa limefura na kuwa jeusi, weusi ukashuka mpaka kwenye goti, kana kwamba uongo wangu ulikuwa unatafuta kuwa kweli. Kiwandani alisimama getini amekumbatia nguzo. Kila jioni mama aliniuliza, "Iko namna gani?" na kila jioni nilimjibu, "Bado kidogo." Alikuwa akikunja uso, anaongeza pilipili.

Ijumaa hasira ilinipanda. Sijui kama ni hasira au hofu, mimi vitu hivyo viwili hunijia vimevaa nguo moja. Nilitoka ndani na kitambaa cha dawa kimepoa mkononi, nikakitupa miguuni pa mama.

"Dawa yako ni ya bantu ya samaki! Huku ni mujini! Utamuua!"

Jirani yangu, ambaye kila siku alikuwa na neno, siku hiyo aliingia ndani akafunga mlango. Mama aliokota kitambaa, akakikung'uta majivu, akakikunja. Nilirudi ndani nikalala bila kula, na uongo wangu umelala katikati yetu kitandani.

Asubuhi ya Jumamosi mume wangu alikohoa, akatoka kwenda msalani. Najua kwamba mama alijifunika kitenge, kwa sababu alikuwa anajifunika daima. Lakini masikio hayafunikwi na kitenge. Mume alikwenda, akarudi, mlango ukafungwa. Kisha kikombe cha bati kikagonga mara tatu, taratibu, na mama akaniita kwa jina la utotoni, ambalo nilikuwa sijalisikia tangu nilipokuwa na miaka saba.

"Kaa," akasema. Nikakaa juu ya gogo. "Ule muntu, goti yake iko muzima."

Nikaanza kuchokora majivu kwa kijiti.

"Muntu wa goti anakokota unyayo. Huyu ananyanyua muzuri, kisha anakawia. Muguu inakataa kwenda mbele. Maumivu iko juu." Hakuonyesha juu wapi. Alikuwa anatazama chungu chake. "Nilikuuliza pahali. Sasa ninakuuliza tena."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likarudi. Mwisho niliweka kiganja changu juu ya paja langu mwenyewe, upande wa ndani, mahali hasa, na nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyevunja mtungi.

Mama alikitazama kile kiganja muda mrefu. "Na ule moto wote, uliweka pale?"

"Ndiyo, mama."

Akapiga viganja vyake, kimoja juu ya kingine, akavifungua vitupu. Nilikuwa nangoja matusi. Nilikuwa nayataka, ukweli ni huo. Nilijua nimestahili kila neno, na zaidi kwa yale niliyomtupia jana.

"Musuli yenye kupasuka haitake moto," akasema. "Inataka baridi. Moto unaita damu." Kisha akavuta pumzi. "Yangu pia iko makosa. Nilikuuliza kintu chenye mutoto hawezi kumujibu mama yake. Hata miye ningesema goti."

Nililia zaidi. Sijawahi kusamehewa haraka namna ile, wala kabla wala baada.

Alinituma nichimbe udongo wa kichuguu, ule mkubwa uliosimama nyuma ya matanuri, na mwenyewe akatembea mpaka Kasungami kutafuta majani mabichi kwenye mashamba ya watu anaowajua. Aliporudi alikanda udongo kwa maji yaliyolala nje na baridi ya kipwa. Nilidhani atanikabidhi bakuli kama kawaida. Badala yake akafunga mlango wa jiko, akatandika mkeka.

"Lala," akasema. "Miye siwezi kumugusa. Nitakugusa weye. Vile mikono yangu inafanya ku mwili yako, uende ufanye vile vile kwake."

Nikalala. Akapandisha kitenge changu, akanipaka ule udongo kwenye paja, baridi mpaka nikashtuka, akafunika na majani. Nikajua unene wake na uzito wake kwa ngozi yangu, na muda wake pia, kwa sababu aliniacha nao mpaka ukaanza kupata joto langu, ndipo akautoa akaweka mpya. Halafu akaanza kunionyesha kukanda, kwa siku zitakazokuja, wiki moja mbele, si kabla.

"Hapa kwenye kulipasuka, hapana kugusa. Unazunguka mbali. Unapandisha, haushushe. Pole. Sikia kwanza, ndio mukono inafwata."

Niseme jambo ambalo mume wangu sikumwambia wakati ule. Nilipokuwa na miaka saba mama alinipandisha lori kunileta kwa shangazi, kwa sababu baba alikuwa amekufa na chakula kilikuwa kidogo, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenigusa kwa upole wa namna ile. Shangazi alinilea vizuri, hakunipiga, lakini hakunigusa. Miaka kumi na minne nilikuwa nimemkasirikia mama kwa lile lori. Labda ndiyo sababu dawa yake ilikuwa rahisi kuitupa. Pale juu ya mkeka, na udongo ukinikauka pajani, nilihisi vidole vyake vikinitafuta msuli mmoja mmoja, na hasira yangu nikaitafuta nisiione. Nilimpenda mama siku ile mpaka nikaona aibu.

Mume wangu alijua tofauti mara moja. "Leo mikono yako iko ingine," akasema.

"Iko ya mama."

Nilifikiri atakasirika kwamba siri imetoka. Alifumba macho, na masikio yake yakawa mekundu, maana alikuwa mweupe kidogo wa ngozi. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Alisema nini?" Nikamjibu kwamba alisema hata yeye angesema goti. Akacheka, na kucheka kukamuuma.

Siku tatu za udongo baridi, uvimbe ukaanza kushuka. Weusi ukawa kijani, kijani kikawa manjano. Ilipofika juma la pili nilianza kukanda, kwa kuzunguka mbali, kwa kupandisha, na kila siku kabla sijaingia ndani mama alinipitishia mikono yake kwanza, kunikumbusha. Mizizi myekundu ikarudi chunguni. Asubuhi mume alikohoa na kupita uani, na mama, amejifunika, alisikiliza hatua kisha akanipa hukumu yake. "Leo amekawia." "Leo alitaka kukimbia, mwambie aache ujinga." Siku nyingine alisema tu, "Mmh," na mimi nikashinda na wasiwasi kutwa.

Tatizo likawa ruhusa ya mama. Iliisha Jumamosi, na Jumatatu yake ndiyo ya toroli. Mama angeondoka bila kujua. Aliniambia si kitu, nitatuma habari na lori la samaki, lakini nilimwona anafunga mzigo wake, anaufungua, anaufunga tena.

Jumamosi asubuhi mume wangu alitoka mapema bila kuniaga. Nilikuwa natengeneza chai ya safari niliposikia gurudumu. Alikuwa amekwenda kumwomba kapita toroli, na kapita, ambaye nimesema hakuwa mtu mbaya, alimpa, na matofali juu yake. Mume akasimama kwenye kona ya nyumba, amegeuza uso, akakohoa kwa nguvu zote.

Mama alikuwa jikoni. Alivuta kitenge kichwani, akageuka kutazama ukuta, mikono juu ya magoti. "Mwambie apite," akasema.

Akapita. Alizunguka nyumba akisukuma ule mzigo, nyuma ya ukuta wa jiko, mbele ya mlango wetu, karibu na choo, akarudi tena nyuma ya jiko. Majirani walitoka kutazama, hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko, na upande mmoja nilimwona yeye, jasho linamtiririka katika baridi, na upande mwingine nilimwona mama, kichwa kimeinama, kidole chake kinapiga juu ya goti kila unyayo unapogonga ardhi. Mzunguko wa pili. Wa tatu.

"Pale pa kupinda, ya kuume inaogopa kidogo," mama akasema. "Apinde pole." Akasikiliza mzunguko mmoja zaidi. "Basi. Atasukuma."

Na alisukuma. Jumatatu bosi alikuja mwenyewe kutazama, akakaa robo saa, akaenda zake, na nyumba ilibaki yetu miaka kumi na moja. Lakini hilo nimelitanguliza. Siku ninayoitaka ni ile Jumamosi.

Lori lilisimama kwenye barabara kubwa, mwisho wa nyumba za kiwanda. Nilimbebea mama mzigo, jirani yangu akabeba chungu. Tulipofika, mama akapanda juu ya magunia, akatoa kitu ndani ya nguo zake. Kilikuwa kikombe changu cha bati. Alikuwa amekichomoa kwenye msumari, mwizi mkubwa! Mume wangu alikuwa amesimama mbali, kwenye kona ya safu ya kwanza, ametupa mgongo kama desturi inavyotaka, na kaptula yake nyeupe ya Jumapili.

Lori likawashwa. Lilipomkaribia, mama alijifunika kitenge uso mzima, akagonga kikombe kwenye bati la lori mara tatu. Mume wangu hakugeuka. Alinyanyua mguu wa kulia, goti likapanda mpaka kifuani, paja lote likaonekana, akaushusha, akaunyanyua tena juu zaidi, kama wachezaji wanavyofanya kabla ya mechi.

"Anafanya nini?" mama akapaza sauti kutoka ndani ya kitenge. Lori lilikuwa linakwenda. "Mwanangu, anafanya nini?"

Nikakimbia nyuma yake, kwenye vumbi, mbele ya wanawake waliokuwa wakitoka sokoni, mbele ya kapita na watoto na jirani yangu mwenye ulimi.

"Ananyanyua paja, mama!" nikapiga kelele. "Paja yake, mama! Paja!"

Wanawake wakashika midomo. Kule juu ya magunia kitenge kilikuwa kinatikisika, na nikasikia mama yangu anacheka, na kikombe kinagonga bati, si mara tatu tena, bali bila kuhesabu, mpaka lori likapinda njia.